Dod Pirie na Vibuluu wa Shimo la Kumi na Nne

Jumatatu tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bwana George Pirie, ambaye hapa Portlennie hakuna anayemwita George isipokuwa daktari wake, sisi wengine wote tukimwita Dod, atatundika funguo za banda la mashine na kustaafu baada ya miaka arobaini na mmoja ya kuutunza uwanja wetu wa gofu. Alianza akiwa na miaka ishirini na mitano na reki mkononi, kazi yake kusawazisha mitego ya mchanga, vile vibonde vinavyonasa mipira. Anaondoka akiwa mtunza uwanja mkuu mwenye nyonga ya chuma upande wa kushoto.

Bi Muriel Traill, katibu wa klabu, ndiye aliyenitwika kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi ijayo. Aliniambia niandike kwa ufupi, nichangamshe watu, na wadudu wasizidi. Nimejaribu. Lakini mimi, Rhona Skene, naibu wa Dod kwa miaka kumi na minne, sikuumbwa kuchangamsha watu. Nikiona wingu nawaza gharika, simu ikilia nawaza msiba. Na leo ninapoandika, Jumanne tarehe 17 Juni, hofu niliyonayo ina sababu yake kamili. Nitaieleza, ila kwanza nimsifu mwenye sifa, maana ndiyo heshima.

Dod aliajiriwa mwaka 1984 na akapewa uwanja wote mwaka 1998. Katika muda huo wamepita manahodha wa klabu kama ishirini, makatibu sita, na mashine za kukata nyasi ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu, kwa sababu kila iliyokufa ilinyofolewa vipuri ikafufukia ndani ya nyingine. Dhoruba ya Desemba 2012 ilipokimeza kilima cha mchanga nyuma ya shimo la tatu, alipanda nyasi za pwani kwa mkono, shina moja moja, majira mawili ya baridi mfululizo, mvua ikimpiga ya ubavuni. Leo wageni wanadhani kilima kile kiliumbwa na Mungu. Ni kweli kwa kiasi fulani.

Hata hivyo, wanachama wengi hawatamkumbuka kwa nyasi. Mwaka 1991, siku moja kabla ya Siku ya Nahodha, ndege wa pwani aitwaye kulachaza alitaga mayai matatu katikati ya mtego wa mchanga wa shimo la saba. Kamati iliagiza mayai yahamishwe. Dod akauzungushia mtego mzima kamba, akapigilia kibao kilichoandikwa kwa mkono: mwenye nyumba yupo, mpira ukiingia uokote na upige kutoka nje bila adhabu. Mgeni mmoja kutoka Aberdeen, mpira wake ukiwa umelala kando ya kiota na ndege akimfokea kwa mdomo wake mwekundu, alikuja juu.

"Mimi nimekuja kucheza gofu au kutazama ndege?" akauliza.

"Kwa ulivyopiga mashimo sita yaliyopita, mzee," Dod akamjibu, "bora utazame ndege."

Mgeni yule humletea kadi ya Krismasi kila mwaka, na kila mwaka huuliza kama kulachaza hajambo.

Kuna pia habari ya buabua. Ndege hawa wakiwa na makinda huwadonoa watu utosini, na wanachama walitaka wafukuzwe kutoka kwenye changarawe za shimo la kumi na moja. Dod aliwaonyesha dawa: chomeka ufito kwenye kofia, buabua atadonoa ufito kwa kuwa ndio ulio juu. Majira yote ya joto ya mwaka ule mawakili, madaktari na mchungaji wetu walipita pale na fito vichwani, wakiwa wazito kama waliokwenda kuzika, na hakuna aliyethubutu kumcheka mwenzake. Picha zipo. Bi Muriel amekataza zisichapishwe.

Na kuna siku mama mmoja alipochuma okidi saba za zambarau pembeni mwa shimo la pili, akazipanga kwenye chombo katika chumba cha chai. Dod aliingia, akavua kofia, akasimama mbele ya meza. Yule mama akamuuliza vipi. "Naziaga," akasema, akavaa kofia yake, akatoka. Tangu hapo hajatokea mtu wa kuchuma hata jani.

Hayo ndiyo mambo ya kuchangamsha niliyokuwa nayo. Sasa niingie kwenye kazi yake yenyewe, maana humo ndimo lilimo jambo linaloninyima usingizi.

Dod hakuandika kitu. Mtunza uwanja mwingine ana daftari, ana kalenda ukutani, siku hizi hata simu inamkumbusha. Dod ana makombe. Mwaka wake mzima umefungwa kwenye ratiba ya mashindano ya klabu, na ndivyo alivyonifundisha. Vichaka vya miiba vinapunguzwa baada ya Medali ya Vuli, ndege wakishamaliza kulea. Kuta za mchanga hazichokonolewi mpaka Siku ya Nahodha ipite, kwa sababu mbayuwayu wa mchanga wana mashimo yao humo. Ukimuuliza tarehe, anakuangalia kama umemuuliza uzito wa upepo. Mimi niliipenda kalenda ile. Ilikuwa rahisi kukumbuka, na kwa miaka kumi na mitatu haikunikosesha hata mara moja.

Kombe la Kinamama lilikuwa na kazi yake pia. Hilo lilipomalizika ndipo tulipokata nyasi za ukingo wa shimo la kumi na nne.

Wanachama wengi huupita ukingo ule bila kugeuza shingo, kwa hiyo niseme una nini. Ni mteremko wa mchanga unaotazama kusini, urefu wake hatua kama themanini, na una mmea wa manjano wenye sufi chini ya maua ambao bibi zetu waliuita vidole vya bibi. Juu ya mmea huo, na si juu ya mwingine wowote duniani, huishi kipepeo mdogo tunayemwita kibuluu. Jina linamsifu kupita kiasi. Ana rangi ya jivu na vumbi la buluu kidogo, na ukimlaza kwenye ukucha wa kidole gumba haufuniki wote. Ukitaka kumwona kwingine, uendeshe gari saa nzima kuelekea kaskazini.

Dod aliukuta ukingo ule mwaka 1984 una vibuluu tisa. Miaka mitatu iliyopita tulihesabu mia moja na arobaini kwa siku moja. Siri yake ni njaa. Mchanga ule unatakiwa ubaki maskini. Nyasi zikikatwa zikaachwa pale, zinaoza, udongo unanona, na magugu marefu yanavifunika vidole vya bibi. Kwa hiyo tunakata mara moja kwa mwaka, tunapiga reki mpaka mchanga uonekane, na tunasomba kila kitu, kila mwaka, baada ya Kombe la Kinamama, ambalo huchezwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba.

Mwezi Juni mwaka jana Dod alilazwa kubadilishwa nyonga. Aliniachia uwanja kwa neno moja: "Unaujua." Na mwaka huohuo, kwa kuwa Septemba tulikuwa tunapokea mashindano ya wilaya, Kombe la Kinamama lilitangulizwa, likachezwa tarehe 13 Julai.

Mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona.

Jumatatu tarehe 15 Julai nilikata ukingo wote. Ilikuwa siku nzuri, jua kali, na nilitaka bosi wangu akirudi akute kila kitu kwenye mstari. Nilipiga reki mpaka mikono ikatoka malengelenge. Nilijaza trela tatu, nikazimwaga kwenye lundo la mboji, na mkulima jirani akalisomba lundo lote wiki ileile akaligeuza shambani kwake. Nilipiga picha ya ukingo ukiwa msafi nikamtumia Dod nyumbani. Mkewe Netta akanijibu kwamba amelala, atamwonyesha akiamka.

Alirudi kazini katikati ya Agosti akitembelea fimbo. Hata chai hakunywa. Alikwenda moja kwa moja shimo la kumi na nne, nami nikamfuata nikisubiri kusifiwa, Mungu anisamehe.

"Umekata lini?" akauliza.

"Baada ya Kombe la Kinamama, bosi. Kama kawaida."

"Kama kawaida," akasema. Akaangalia baharini. Kisha akasema, "Reki umepiga vizuri," akaniuliza hali ya kijani cha shimo la sita, zile nyasi fupi zinazozunguka tundu, tukarudi.

Jioni ile ile nilitafuta kijitabu cha vipepeo kilichokuwa kikikusanya vumbi bandani. Kilieleza kwa sentensi moja tu. Mwezi Julai kiwavi wa kibuluu yumo ndani ya vichwa vya maua, anakula mbegu, na hashuki ardhini mpaka Agosti. Niliisoma sentensi ile mara tatu kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Kizazi kizima nilikuwa nimekipakia kwenye trela kwa mikono yangu.

Sikumwambia Dod kwamba nimejua. Yeye naye hakuniambia kwamba anajua. Tulikunywa chai pamoja bandani kila asubuhi saa moja, tukala mikate ya chumvi ya Netta, tukazungumzia mvua. Miezi kumi hiyo. Niliyatamka maneno yale njiani kila siku nikija kazini, na kila siku nikifika nilichemsha maji ya chai.

Mambo yangeishia moyoni mwangu kama si mpango wa shimo la kumi na nne. Kwa miaka mingi kamati imetaka kuliongeza urefu kwa kusogeza kiwanja cha kupigia mpira wa kwanza hatua thelathini nyuma, yaani juu ya ukingo wenyewe. Kilichozuia ni vibuluu. Septemba habari ya kukatwa mapema ikafika kwenye kikao, na Nahodha Fordyce akauliza nani aliyefanya. Nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Kabla sijafungua mdomo Dod akasema, "Maagizo yalikuwa yangu." Muhtasari wa kikao unasema hivi: kosa la mtunza uwanja mkuu. Kisha kamati ikaamua, na kwa upande wao walikuwa na haki, kwamba vipepeo wahesabiwe hadi tarehe 20 Juni mwaka huu. Wakionekana, ukingo ubaki. Wasipoonekana, tingatinga litaingia Oktoba.

Nimeombwa na Bi Muriel niiondoe sehemu hii. Sitaiondoa. Mkiusoma wasifu wa Dod Pirie mjue kwamba muhtasari ule si kweli. Aliyekata ni mimi, na nilinyamaza mtu mwingine akiubeba mzigo wangu mbele za watu.

Hesabu naifanya mimi tangu daktari alipomkataza Dod kuinama na kupiga magoti. Unatembea ukingoni taratibu, huku na huku, fomu mkononi, unaandika kila anayeruka. Tarehe 28 Mei, sifuri. Tarehe 4 Juni, sifuri. Tarehe 11 Juni, sifuri. Ni kweli kwamba ukungu wa bahari umetukalia wiki tatu sasa, na kibuluu haruki bila jua. Ni kweli pia kwamba mtu anayetafuta kisingizio huwa hakosi. Maua yapo, yamejaa tele, manjano matupu. Ndege waitwao vipozamataza wanaimba juu ya ukungu ambako hatuwaoni. Nyumba iko tayari na mwenyewe hayupo.

Zimebaki siku tatu. Kama Ijumaa itakuwa sifuri, Dod ataagwa Jumamosi inayofuata kwa supu ya samaki wa moshi na hotuba, mita mia mbili kutoka mahali ambapo kazi yake ya miaka arobaini na mmoja itafukiwa, na jina litakaloandikwa kwenye kosa ni lake. Hapo ndipo nilipofika na wasifu huu. Siwezi kuumalizia kabla ya Ijumaa. Bi Muriel, niwie radhi.

Ijumaa, tarehe 20 Juni.

Ukungu uliondoka saa nane mchana, upepo ukabaki. Nilianza hesabu saa tisa. Nilitembea ukingo wote mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuyaamini macho yangu. Nilimwona nondo mmoja wa mchana mwenye madoa mekundu, nikashtuka, nikajichukia kwa kushtuka. Fomu ikabaki na sifuri.

Nilipoinua kichwa nikamwona Dod anakuja kwa fimbo yake, anakata katikati ya uwanja, jambo ambalo kwa miaka yote hii amewakataza watu. Alisimama karibu yangu akiwa anahema. Hakuuliza idadi. Aliiona usoni.

"Bosi," nikasema, "ni mimi niliyekata."

"Najua ni wewe. Mimi nilikuwa kitandani."

"Basi kwa nini ulisema vile kwenye kamati?"

"Nilikuambia kata baada ya Kombe. Umekata baada ya Kombe. Ulitaka nikulaumu kwa kunisikiliza?"

Nililia. Sioni sababu ya kuficha, wachezaji wanne walikuwa shimo la kumi na tatu na wameshasimulia. Dod aliangalia pembeni mpaka nikamaliza. Ndipo nikamuuliza swali ambalo mtu mwenye akili angelimuuliza tangu Agosti. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha miezi kumi, nikiona kuuliza ni sawa na kukiri.

"Bosi, hakuna njia nyingine ya kujua kama wapo?"

Alichora mchangani kwa ncha ya fimbo.

"Ipo," akasema.

"Ipi?"

"Piga magoti."

Nikapiga magoti. Akaniambia nitafute kichwa cha ua kilichochanua nusu, si kile kilichofunguka chote, maana jike hapendi maua yaliyozeeka. Nikitenganishe kwa kucha, polepole, niangalie kati ya vijiua vyenye sufi. Ninatafuta nini? Yai. Jike hutaga moja tu kwenye kichwa kimoja, jeupe lenye ubuluu wa mbali, dogo kuliko punje ya chumvi. Kama jike alipata nusu saa ya jua katika wiki tatu hizi, hata kama hakuna binadamu aliyemwona, litakuwepo.

Nilifungua kichwa cha kwanza. Hakuna. Cha kumi, hakuna. Nilisogea kwa magoti kuupanda mteremko, Dod akinifuata pembeni kwa fimbo, akisema hicho sicho, hicho kimepita, kile cha kushoto, hapana, kushoto kwako. Nilipofika cha arobaini suruali ilikuwa imelowa magotini.

Tukafika pembe ya juu, karibu na uzio wa waya. Pale nyasi ni ndefu kuliko kwingine. Nikafungua kichwa kimoja, nikaona kidoa.

"Bosi."

"Usiniambie kama huna hakika."

"Nipe miwani yako."

Akanipa miwani yake ya kusomea. Nikaivaa, dunia ikavimba, na kidoa kile kikawa duara bapa, jeupe, lenye kishimo kidogo katikati. Nilimweleza. Aliniambia nimweleze tena. Nikafungua kichwa cha jirani, yai. Cha tatu hakuna. Cha nne, yai.

"Mbona hapa tu?" akauliza. "Mbona kule chini hakuna?"

Nikaangalia nilipo, na ndipo nikakumbuka. Mwaka jana, nikiwa juu ya mashine, kipozamataza aliruka kutoka kwenye nyasi za pembe ile, karibu na gurudumu. Nikasimamisha, nikarudi nyuma, nikakata kwa kuzunguka hatua ishirini kutoka kwenye kiota chake, nikaiacha pembe nzima ilivyo. Nilisahau kabisa. Lilikuwa jambo dogo, nalifanya kila wiki.

"Nani alikufundisha kuacha hatua ishirini?" akauliza Dod.

"Si ni wewe?"

Alijaribu kupiga magoti. Nilimwambia daktari amekataza, akaniambia daktari hayupo hapa, akaishika fimbo kwa mikono miwili akashuka taratibu, uso umemkunjamana, mpaka nyonga ile ya chuma ikakubali. Nikamvalisha miwani yake mwenyewe. Alilitazama yai lile la kwanza kwa muda mrefu.

"Ungeniambia tangu Mei," nikasema. "Ningeyatafuta."

"Nilikuwa naogopa."

Miaka kumi na minne sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nimemwona kwenye dhoruba, nimemwona akibishana na manahodha.

"Fomu ikisema sifuri, mtu anaweza kulaumu ukungu," akasema. "Nikikuambia upige magoti, na usipate kitu, basi tumejua. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia. Halafu nakunywa chai."

Kumbe tulikuwa wawili mezani, kila mmoja na vikombe vyake vya hofu.

Tulihesabu mayai ishirini na matatu. Kumwinua ilikuwa kazi nyingine. Nilimpigia simu Bi Muriel, akaja na Nahodha Fordyce kwenye kigari cha uwanja, na tukamsimamisha Dod watu watatu. Nahodha alivaa miwani, akainama juu ya ua.

"Hii ni chumvi," akasema.

"Ni yai, Nahodha," nikasema.

"Na ametaga nani? Mmeniambia hamjaona kipepeo."

"Mimi siye, Nahodha," akasema Dod.

Fordyce ni mtu wa kanuni. Alisimama pale na azimio la kamati mkononi, akalisoma kwa sauti, akafika kwenye neno wakionekana, akaliangalia ua tena. Kisha akachukua fomu yangu, akaifuta sifuri, akaandika mayai ishirini na matatu, akatia sahihi. Ukingo unabaki. Katika kikao kijacho nitaomba muhtasari wa Septemba urekebishwe, na yeye mwenyewe amesema ataunga mkono.

Ninaandika haya saa kumi na moja jioni, magoti yakiwa yamevimba, na mpiga chapa anasubiri. Sijatulia. Mayai ishirini na matatu si vibuluu mia moja na arobaini. Mvua kubwa inaweza kunyesha kesho. Sisimizi wapo, sungura wapo, na mimi mwenyewe nipo na mashine. Nimemwambia Dod hivyo hivyo tulipokuwa tunarudi. Aliniambia mwaka 1984 walikuwa tisa, na kwamba aliwahofia kila siku, Jumapili na sikukuu, na Netta ni shahidi.

Kwa niaba ya wanachama na wafanyakazi wote wa Klabu ya Gofu ya Portlennie, tunakushukuru, Dod, kwa nyasi, kwa ndege, kwa maua, na kwa kila kitu ulichotukataza kukigusa. Tunakutakia afya, wewe na Netta, na miaka mingi ya asubuhi zisizo na saa ya kuamshana. Ukitaka kuja ukingoni, njoo kama mgeni, keti, na mtu mwingine atapiga magoti.

Kuanzia Jumanne nitaogopa mimi. Lala, bosi.